Betri za Mzee Uweso

Alikuja ameibeba ndani ya kofia yake. Mzee mgeni, kichwa wazi, kofia ya kazi ya mkono ameishika kwa viganja viwili mbele ya kifua kama mtu aliyeokota kifaranga njiani. Alivuka barabara pale Usagara bila kuzitazama bajaji zilizokuwa zikimpigia honi, akaingia dukani kwa Bi Nargis kabla hatujamaliza kupanga feni nje. Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba bila kuniangalia, akaiweka kofia taratibu juu ya kioo cha kaunta.

"Inaunguza," alisema, "lakini haifanyi kazi. Sasa hiyo ni nini?"

Ndani ya kofia mlikuwa na betri moja ndefu kidogo kuliko kidole changu cha kati. Ngozi yake ya plastiki ya zambarau ilikuwa imejikunja upande mmoja, chuma kinachungulia. Niliinama kuitazama vizuri, nikapata harufu tamu, kama ya rangi ya kucha. Chuoni walitufundisha mengi kuhusu betri za namna hiyo, na karibu yote nilikuwa nimeyasahau isipokuwa kwamba ukiisikia harufu hiyo, itoe betri nje. Niliikunja kofia, nikatoka mbio hadi kwenye ndoo ya bati yenye mchanga tuliyoiweka mlangoni kwa ajili ya moto, nikaidondosha betri humo na kuifukia.

Mzee alinifuata akiidai kofia yake. Bi Nargis aliuliza kutoka ndani kama nimepandwa na kitu. Kisha mchanga ukapiga mluzi.

Hakukuwa na kishindo. Ulikuwa mluzi mwembamba, kama wa birika lililosahauliwa jikoni, na baada yake moshi mweupe ulionyooka juu hadi usawa wa bango la duka. Fundi baiskeli wa jirani alizihamisha baiskeli zake moja moja. Bi Nargis alikuja akasimama nyuma yangu, miwani mkononi, akaitazama ile ndoo mpaka moshi ukaisha.

"Mzee wangu," nikamwuliza, "ulikuwa umeiweka wapi?"

"Juani," alijibu, kama aliyeulizwa chai inatiwa sukari kwa nini. "Juu ya bati la jiko, tangu jana. Ilikuwa imechoka."

Sikucheka. Nani katika pande hizi hajaanika betri? Nilikulia kwenye kambi ya shamba la mkonge, na baba yangu, Robert, kila Jumamosi alizipanga betri za redio dirishani ili Jumapili, tukitoka kanisani, aweze kusikiliza mpira. Zilipata uhai, kweli. Kidogo, wa dakika chache, ila zilipata. Mzee huyu alifanya ambalo baba yangu angelifanya, kwa betri ambayo haikuumbwa kwa ajili hiyo.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya uhandisi wa umeme na moyo uliojaa mipango. Niliamini kwamba nikipewa nafasi nitaiwekea kila zahanati ya mkoa huu taa isiyozimika. Nafasi haikuja. Aliyenipa kazi ni Bi Nargis, mjane aliyeendesha peke yake duka la vifaa vya umeme la marehemu mumewe. Aliniita Injinia. Mara nyingine lilikuwa jina la mapenzi, na mara nyingine, hasa nilipokosea chenji, lilikuwa fimbo.

Mzee alituambia anaitwa Uweso, wa Tongoni, na kwamba ujana wake wote aliumalizia kwenye matanuru ya chokaa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, kofia imerudi kichwani, anakunywa maji tuliyompa. Alianza kuvuta sigara huko tanuruni, kwa kuwa, alisema, moshi ulikuwa umeshamzoea. Mkewe, Bi Mwatumu, ana pumu. Nyumba wanayoishi ni ya mke, aliirithi kwa mama yake. Mwaka uliopita, baada ya kulazwa siku kadhaa na kurudi, Bi Mwatumu alichukua mkeka wa mumewe, mto na shuka, akavitandika barazani.

"Hakunifukuza," Mzee Uweso alisema. "Msije mkamsema vibaya. Alinitandikia vizuri kabisa. Hata chandarua kanifungia yeye mwenyewe. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango."

Bi Nargis aligeuka kupanga balbu ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Alikuwa amelala nje karibu mwaka mzima, mvua za vuli na za masika, majirani wakimsalimia asubuhi kama mlinzi. Mtoto wao, Shekhe, anayefanya kazi Muscat, alisikia habari akamtumia sigara za umeme mbili kwa mkono wa msafiri. Mzee alizitoa mfukoni mwa kanzu pamoja na funguo, sarafu na kisu kidogo cha kukatia ndimu, akaziweka kaunta. Shida yake aliisema waziwazi, bila kona. Bi Mwatumu alimwambia kwamba akifika Ramadhani bila kuwasha sigara, atalala ndani. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Na sigara ya umeme aliyoitegemea imekufa.

Moja ilikuwa kubwa, nzito kama nusu tofali, yenye kioo cha namba na mlango wa chini unaoingia betri mbili. Nyingine ilikuwa ndogo, bapa, ungeweza kudhani ni kalamu ya kuchorea, na betri yake imefungwa ndani kwa ndani. Aliipenda kubwa. Moshi wake, alisema, ni moshi hasa, unauona ukiondoka. Ile ndogo aliiona ya kitoto.

Alichotaka kwangu kilikuwa betri moja mpya, aiweke pamoja na ile iliyobaki. Nikamwambia haifai. Zile mbili zilianza kazi siku moja, zikachajiwa pamoja, zikachoka pamoja. Ukiiweka mpya kando ya kuukuu, moja itaisukuma nyenzake kuliko inavyoweza kuhimili, na tutarudi kwenye ndoo. Ikifa moja, zinaondoka zote.

"Kumbe zina wivu kushinda wake wenza," Bi Nargis akasema.

"Mimi wangu mmoja," Mzee Uweso akajibu, "na angalieni ninapolala."

Bi Nargis alifungua kabati la kioo akatoa boksi la vile vifaa vya rangi za matunda ambavyo mpwa wake Raheel alimletea kutoka Dar es Salaam na havikuwa vikinunuliwa. Hivi havina haja ya kuchajiwa, alisema, unavuta mpaka kiishe, unatupa. Nilimwuliza mzee huwa wanatupa wapi. Akasema shimoni nyuma ya nyumba, na shimo likijaa wanachoma. Nikasema hata humo ndani mna betri. Bi Nargis alinitazama vile mwenye duka anavyomtazama mfanyakazi anayemzuilia mauzo. Halafu akatazama ndoo ya mchanga mlangoni. Alirudisha boksi kabatini, akafunga.

Basi ikabaki ile ndogo. Nilimweleza kwa nini: haina cha kuchomoa, kwa hiyo hakuna cha kuanika, wala betri ya kutembea nayo mfukoni ikagusana na funguo. Inakunywa umeme kidogo, chaja ndogo ya simu inaitosha, ile kubwa ya haraka aiache. Moshi wake ni mdogo, lakini kwa aliyekuwa akivuta sigara kali, mdogo unatosha. Nilimwambia pia ambalo boksi halikulisema vizuri, kwamba ndani yake mna nikotini ileile, kwamba si dawa ya kifua, kwamba asiutoe mvuke wake karibu na Bi Mwatumu, na kwamba kama angeweza kuacha vyote ningefurahi zaidi. Alisema aliwahi kuacha vyote. Siku ya tatu alijikuta anavuta jani la mpapai.

Tukakaa na ile ndogo kwenye kaunta, nami nikamfundisha kuitunza. Asiichaji juu ya godoro wala chini ya mto. Aiweke juu ya sahani ya udongo, mahali anapoiona. Asingoje ife kabisa ndiyo aipe umeme, na taa ikigeuka kijani aichomoe. Ikilowa, ikipasuka au ikipata joto bila sababu, asiichome na asiitupe, ailete. Aliyarudia maneno yangu moja moja kwa sauti ya kuimba, macho amefumba, kama mtoto wa madrasa anayesikilizwa sura na mwalimu wake. Alipokosea, alianza upya mwenyewe. Betri iliyobaki ya ile kubwa niliiziba ncha kwa utepe wa gundi, nikaiweka kwenye kasha la sabuni, ikabaki kwetu.

Sijui nieleze vipi furaha niliyokuwa nayo mchana ule. Tangu nirudi nyumbani watu walikuwa wakiniuliza nimesomea nini, kisha wanatikisa kichwa kwa huruma. Mzee huyu hakuniuliza. Alinipa tatizo lake mkononi, likiwa bado la moto.

Alirudi kila wiki. Wakati mwingine alikuja kununua maji yenye nikotini ya kujazia kile kifaa, wakati mwingine kuonyesha tu kwamba bado kizima. Alileta ndimu. Alimtania Bi Nargis kwamba chai yake ina iliki mpaka mtu anapiga chafya, naye akamjibu kwamba mlala nje hachagui chai. Nilimwuliza kama ameshika ahadi. Akaniambia aliteleza mara moja, msibani, mtu alimpa sigara na mkono ukaipokea kabla yake. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe kabla hajavua viatu. Bi Mwatumu aliichukua kanzu akaifua, na hesabu ikaendelea.

Lakini alikuwa amemwambia na jingine. Alimsimulia mkewe habari ya ndoo, mluzi, moshi na fundi baiskeli, maana yeye hawezi kumficha kitu. Nyumba ya Bi Mwatumu ni ya makuti. Mwanamke aliyekulia chini ya makuti anaujua moto kuliko mimi niliyeusomea. Alikubali mumewe aingie ndani. Kifaa chake hakukikubali. Na kukiacha barazani usiku kucha kwenye umande na watu wapitao haiwezekani, na bila hicho kifaa mzee hafiki Idi bila sigara, hilo walilijua wote wawili.

"Amesema mlete huyo aliyeifukia," Mzee Uweso aliniambia. "Ukae naye, akione kikichajiwa mwanzo mpaka mwisho, kwa macho yake. Akikubali, sawa. Na anataka iwe kabla ya mwezi kuandama, sababu ndani ya Ramadhani hataki maneno."

Nilisema nitakuja. Tukapatana Jumamosi ya kuvunja jungu, siku ya karamu ya mwisho kabla ya mfungo.

Siku mbili baadaye Bi Nargis aliniita nyuma ya duka, akafunga pazia. Jamaa yake alikuwa anafahamiana na watu wa kampuni moja ya umeme wa jua iliyokuwa ikifungua ofisi Korogwe. Walitafuta wahandisi vijana. Alikuwa amewapigia yeye mwenyewe. Walinitaka kwenye majaribio, saa saba mchana, Jumamosi hiyohiyo.

Nilipomwambia nimeshaahidi Tongoni alivua miwani.

"Injinia, mimi siombi watu," alisema. "Kwa ajili yako nimeomba."

Nilipiga simu Korogwe kuuliza kama kuna siku nyingine. Dada aliyepokea alikuwa mpole, akaniambia hakuna. Nikapiga hesabu. Nikitoka alfajiri, nikafika Tongoni mapema, kifaa kile huchaji kwa saa moja na kidogo; nikirudi mjini kwa pikipiki nitapata basi la saa nne. Bi Nargis aliisikiliza hesabu yangu yote, akasema inapendeza, halafu akanipa nauli.

Tongoni nilifika jua likiwa changa bado. Bi Mwatumu alikuwa mwembamba, mrefu kuliko mumewe, na alizungumza kwa vipande vifupi akivuta pumzi katikati. Nilimwamkia. Aliniangalia mikono kwanza, kisha uso, akanikaribisha. Uani majungu yalikuwa yameshapanda motoni, na mapande ya nazi yalikuwa ungoni yakingoja mbuzi ya kukunia. Tulikaa chumbani, kwenye mkeka, mimi na yeye, na kati yetu sahani ya udongo na kile kifaa juu yake. Mzee Uweso alibaki mlangoni. Hakuvuka kizingiti.

Nilichomeka. Taa nyekundu ikawaka. Bi Mwatumu aliuliza maswali ambayo mumewe hakuwahi kuyauliza: ikipata joto litakuwa kiasi gani, kama mkono au kama kikombe cha chai? Panya akiutafuna waya? Umeme ukirudi kwa nguvu, kama unavyorudi hapa, ukaunguza balbu? Nilijibu niliyoyajua. La umeme kurudi kwa nguvu nilimwambia ndilo la kuogopa, ndiyo maana ukikatika achomoe chaja, asubiri utulie ndipo arudishe. Aligusa kifaa kwa mgongo wa kidole, kama anayempima mtoto homa.

Taa ilikuwa bado nyekundu umeme ulipokatika.

Redio ya jirani ilinyamaza katikati ya neno. Bi Mwatumu aliniangalia, akanyoosha mkono, akachomoa chaja ukutani mwenyewe. Tukasubiri. Uani mtu alianza kukuna nazi. Nilijizuia kuitazama simu, kisha nikaitazama.

"Binti," Mzee Uweso akasema pale mlangoni, "Bi Nargis kanieleza habari za Korogwe. Pikipiki ipo hapo nje. Nenda zako mwanangu, mimi baraza nimeshaizoea."

Bi Mwatumu hakusema niende wala nikae. Alitazama ile sahani. Nilijua kwamba nikimwomba aniamini, nikamwambia kilichobaki ni kama kile alichokwisha kukiona, angekubali kwa adabu, kwa kuwa mimi ni mgeni na leo ni siku ya jungu. Angekubali, kisha angelala macho mwezi mzima akisikiliza kama kuna mluzi.

"Nilisema mwanzo mpaka mwisho," nikamjibu mzee. "Na sasa tuko katikati."

Saa nne ilipita. Nilizima simu, niwe mahali pamoja. Bi Mwatumu aliniletea kibao cha mbuzi, nikakuna nazi, na wanawake wawili wa jirani walinicheka kwamba mtoto wa bara anakuna kama anayepiga mswaki. Aliniuliza habari za mama yangu. Nikamwambia kuhusu betri za baba dirishani, naye akacheka mpaka akaanza kukohoa, tukasubiri sote kikohozi kipite. Kilipita. Alisema yeye ndiye aliyemfundisha mumewe kuanika betri, walipooana, na kwamba hilo hajamwambia mtu.

Nafasi ile ya Korogwe alipata mwingine. Bi Nargis hakunisemesha wiki nzima. Vitu tulipeana kwa ishara. Kisha siku moja akaleta ubao mdogo alioandikisha kwa mchora mabango, kwamba hapa tunapokea betri chakavu za kila namna, akautundika juu ya ndoo bila kuniangalia, akasema watu wamezidi kuniulizia. Bado niko naye. Kona yangu ya betri inanilisha, na watu hunijia kutoka Pangani mpaka Maramba wakiwa na taa zao, simu zao na hizo sigara zao za umeme. Zahanati mbili zina taa nilizofunga mimi. Ni chache kuliko nilizoziota, lakini zisingefika hata mbili bila wazee wawili wa Tongoni kunipa siku moja ya kusubiri, nami nawashukuru kwa kuwa walinihitaji.

Siku ile Tongoni, umeme ulirudi baada ya adhuhuri. Balbu ya ukumbini ilimeta, ikafifia, ikatulia. Bi Mwatumu alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akarudisha chaja. Nyekundu. Tulikaa tena kama mwanzo, magoti karibu kugusana. Nje karamu ilikuwa tayari, watu wakituita, naye akawajibu watangulie kula. Saa saba ilifika. Ilipita.

Taa ikageuka kijani.

Aligusa kifaa kwa mgongo wa kidole. Akanipa nami nikiguse. Kilikuwa na joto la mkono wa mtu.

"Basi?" akauliza.

"Basi, bibi. Chomoa."

Akachomoa. Alikaa kidogo, akashika goti, akainuka, akampita mumewe mlangoni na kwenda barazani. Tukamsikia akifungua kamba za chandarua. Mzee Uweso alitazama chini, kwenye kizingiti, na kofia yake ilikuwa mkononi.

Bi Mwatumu alirudi na mto kwapani na chandarua begani, akavipeleka ndani. Alipotoka alibeba birika na bakuli, akapiga magoti mbele yangu.

"Nawa," alisema. "Wali unapoa."

Nikanyoosha mikono.